Moshi Ndani ya Gari la Mkwe

Mkwe wangu ana gari la abiria, dogo, la mgongo mrefu, ambalo kwetu tunaliita mchomoko. Lilitumiwa kwanza na wenyewe huko ng'ambo, miaka mingi, mpaka wakalichoka. Akalinunua. Siku alipolifikisha hapa Zagayu wanawake walilipigia vigelegele, na mimi nikiwemo. Sikatai.

Gari hilo lina viti vya mbele, vya kati, na kule nyuma kwenye buti fundi aliongeza benchi la chuma lenye godoro jembamba. Benchi hilo ndilo lilikuwa langu. Si kwamba nilinyimwa pengine. Mimi ni mama mkwe wa dereva, na kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Hamwangalii usoni, hampi mkono, hamwiti jina. Akitaka kumwambia neno anampa mtu mwingine alifikishe, hata kama wote watatu wamesimama mlango mmoja. Vijana wa mjini wanatucheka. Wacheke. Mimi hivyo ndivyo nilivyomheshimu mkwe wangu miaka yote, na yeye ameniheshimu.

Basi kila mwezi nilipanda buti nikiwa na mjukuu wangu wa miaka sita, mtoto wa huyo huyo dereva. Mtoto ana pumu. Mama yake alikuwa na kichanga, hawezi kusafiri, kwa hiyo kumpeleka kliniki Bariadi ilikuwa kazi yangu. Daktari alishasema mbele yangu na sikuhitaji shule kumwelewa: mtoto huyu asikae kwenye moshi. Nilihamisha mafiga nje. Mzee mmoja jirani mwenye kiko nilimwambia asilete kiko chake uani kwangu, akanuna, akanuna mpaka akachoka mwenyewe.

Sasa gari lile lilikuwa linakula mafuta. Mkwe alilalamika kila mahali. Siku moja tumetoka kliniki, akapitia kwa fundi karibu na stendi. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nimewapa mgongo, lakini masikio hayana mgongo.

"Mzee, hii gari imebanwa pumzi," fundi alisema. "Humu kwenye bomba la moshi kuna masega, kama ya nyuki. Yanachuja moshi. Yako yameshajaa masizi. Nikiyatoa litapumua, na mafuta litapunguza."

"Hayana kazi?"

"Kazi yake ni ya huko kwao. Hapa nani atakupima moshi? Trafiki?"

Wakacheka wote. Mkwe akasema, "Toa." Wakakata bomba, wakatoa kile kitu, wakachomelea kipande kingine cha bomba tupu. Lilipowashwa lilinguruma kama trekta la kukodi, na mkwe akatabasamu. Siku chache alilisifu kwa kila abiria.

Mwezi uliofuata tulipanda tena. Viti vya kati alikuwa amevipakia magunia ya mpunga mpaka darini. Mbele alikaa afisa kilimo mmoja, mtu wa mikoa ya mbali aliyeletwa kikazi. Mimi na mtoto tukaingia buti, mkwe akabamiza mlango. Nataka mnielewe hapo. Mlango wa buti haufunguki kwa ndani. Vioo vya kule havishuki. Mbele yetu magunia, nyuma yetu chuma.

Hatujafika mbali nikasikia harufu inapanda kutoka miguuni. Macho yakaanza kuwasha. Mtoto akakohoa.

Nikaita juu ya magunia, "Baba, wewe uliye mbele! Mwambie dereva moshi unaingia huku."

Afisa akageuza shingo. "Bibi, dereva si huyu hapa? Anakusikia. Mwambie mwenyewe."

"Nimekwambia wewe umwambie."

"Kwani mmegombana?"

"Hatujagombana. Ni mkwe wangu."

"Haya." Akamgeukia mwenzake. "Mama mkwe anasema moshi unaingia."

Mkwe, namsikia kabisa kwa masikio yangu, akamjibu yule afisa, "Mwambie ni vumbi."

"Bibi, anasema ni vumbi."

"Mwambie vumbi nalijua. Nimepalilia pamba ndani ya vumbi kabla yeye hajaota meno. Huu ni moshi."

"Jamani, leo nimekuwa redio," afisa alisema, akacheka. Lakini mkwe hakucheka. Akasema tu tutaangalia tukifika.

Yule afisa alikuwa mtu wa maneno. Alianza kumweleza mkwe kwamba huko magari yanakotengenezwa serikali zimeweka kipimo: kwa lita moja gari liende umbali huu, na moshi usizidi kiasi hiki. Kiwanda kisipofuata kinaadhibiwa. Na tena, alisema, mbali na moshi unaouona kuna hewa nyingine isiyoonekana, inaitwa gesijoto, inapanda na kukaa huko juu, joto la dunia linakosa pa kutokea. "Ndiyo maana mnapanda pamba mvua inakata, halafu inakuja wakati wa kuvuna," akasema.

Nikamuuliza kutoka kwangu buti, "Na haya magari yaliyoshindwa hicho kipimo yanakwenda wapi?"

"Mengine ndiyo haya, bibi."

"Kwa hiyo sisi ni jalala lao."

"Sijasema hivyo."

"Mimi ndiye nimesema."

Akashuka njiani, kwenye ofisi zao. Aliniaga kwa adabu. Ningeweza kumzuia. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumzuia, nikamwambia asishuke kabla hatujafunguliwa. Nilijua fika kwamba akishuka yule, sina tena mtu wa kupitishia neno. Nikasema moyoni, yupo mtoto. Na ni kweli, kwa desturi mtoto anatosha. Nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo kila siku: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie bibi yako nimeleta chumvi.

Gari likaondoka. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikamwambia mtoto, "Mwambie baba yako asimame."

Akasema, "Baba, bibi anasema usimame." Sauti ndogo, na injini inanguruma. Mkwe hakusikia.

"Sema kwa nguvu."

"Baba!" Akakohoa, akakohoa tena, kifua kinafanya mluzi. Nilimpulizia dawa yake. Nikamziba pua kwa kitenge changu. Nikapiga magunia kwa ngumi, lakini gunia la mpunga ukilipiga halisemi kitu.

Nikamwambia tena, "Mwambie baba yako."

Mtoto hakujibu. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye mkono wangu, kizito, namna ambayo mtoto anayelala kawaida hawi mzito. Midomo ilibadilika rangi.

Hapo nitasema ukweli, maana sioni faida ya kuandika uongo katika umri huu. Sikupaza sauti papo hapo. Kulikuwa na kitambo, sijui kirefu kiasi gani, ambapo nilimwangalia mtoto na kinywa changu kikakataa. Nilikuwa natafuta mtu. Ndani ya buti ile, na moshi ule, nilikuwa nageuza kichwa kutafuta mtu wa kumtuma.

Kisha nikamwita mkwe wangu kwa jina lake. Jina lenyewe, alilopewa na wazazi wake. Silisemi hata hapa. Nikaliita kwa sauti ya kufukuza ng'ombe shambani, na nikaongeza, "Simamisha gari, unaniulia mtoto!"

Alifunga breki ghafla mpaka tukayaegemea magunia. Akaja mbio akafungua buti. Tukatazamana uso kwa uso, mimi na yeye, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Nikampa mtoto mikononi, mikono yetu ikagusana, na hakuna aliyeirudisha nyuma. Akamlaza kando ya barabara penye upepo, akampepea kwa shati lake. Mimi nilitambaa nikatapika kwenye mtaro.

Mtoto alifumbua macho. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Mkwe alikuwa amepiga magoti. Hakunitazama tena. Akamwambia mtoto, "Mwambie bibi yako anisamehe." Nikamwambia mtoto, "Mwambie tuwahi hospitali."

Buti sikurudi. Nilikaa mbele, mtoto mapajani, kioo kimeshuka chote. Tuliingia Bariadi hivyo, na wanaotufahamu walituona.

Daktari alimweka mtoto kwenye hewa ya mtungi mpaka jioni, akatuuliza maswali makali, na yalitustahili.

Binti yangu aliposikia, hakuniuliza kuhusu moshi kwanza. Aliuliza, "Mama, ulimwita jina mbele ya watu?"

"Barabarani hapakuwa na watu."

"Lakini ulimwita."

"Nilimwita. Ungetaka nikuletee nini nyumbani, heshima au mtoto?"

Akalia, nikamwacha alie. Hilo jambo bado liko kati yetu kama jiwe la kusagia, kila mmoja anazunguka kwake.

Mkwe alirudi kwa fundi, bomba likachomelewa vizuri, moshi hauingii tena ndani. Masega hakuyarudisha. Alisema, kwa kupitia kwa mkewe, kwamba mapya hayapatikani hapa, na gari likirudi kula mafuta kama zamani atalipaki, na likiegeshwa nyumbani, kliniki tutakwenda na nini?

Juzi tulikwenda tena. Nilipanda mbele bila kuulizwa, yeye akatazama pembeni mpaka nilipokaa. Njiani nikaangalia kioo cha ubavuni. Nyuma yetu moshi ulikuwa mweusi, umelala barabarani, na wanafunzi waliokuwa wanatembea kwenda shule walijiziba pua kwa kola za mashati. Mmoja mdogo alisimama kabisa, ameinama, ameshika magoti.

Neno lilinifika kwenye ulimi. Mtu wa kulipitishia alikuwepo, amekaa mapajani kwangu, anapumua vizuri, kifua hakina mluzi wowote.

Nikanyamaza, tukaendelea.