Mkate Usiokandwa

Pale kazini walimwita Ngumi kwa jinsi alivyoukanda unga. Mashine ya kukandia ilikuwepo, tena kubwa, lakini kabla ya kukata mikate alipenda kulipitisha donge mikononi mwake, alisikilize kama limekuwa tayari. Baba yake naye alikuwa mwokaji mikate, na mama yake husimulia kwamba Ngumi aliota meno akitafuna ganda la mkate. Kwa hiyo mkewe alipojifungua binti, baada ya miaka ya kungoja hadi majirani wakachoka kuuliza, Ngumi alikuwa na ndoto moja tu: chakula cha kwanza cha mwanawe kitoke mikononi mwake.

Mtoto alinenepa kwa maziwa ya mama mpaka wakambandika jina la Kibonge. Alipofikisha miezi sita, akaanza kuyasindikiza kwa macho matonge ya wakubwa, Ngumi alitoka kazini na kimkate alichomwokea yeye, kingali na joto, kimefungwa ndani ya kitambaa. Akachota ule ulaini wa ndani, akaulowanisha kwa maziwa ya mama, akamlisha kwa ncha ya kidole. Kibonge alimung'unya, akacheka, akafungua mdomo tena.

Muda si muda midomo ikaanza kuvimba. Mabaka mekundu yalipanda kutoka shingoni hadi kwenye kope, kisha kikaja kikohozi chembamba cha kukaba. Mkewe alimnyakua mtoto, wakatoka mbio bila hata kufunga mlango. Hospitalini alichomwa sindano, pumzi ikarudi. Baadaye akapimwa, na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akawaeleza kwamba mwili wa mtoto haupatani na ngano, wala mayai.

"Watoto wengi huachana na hali hii wakikua," alisema. "Lakini kwa sasa asionje hata chembe. Na msimjaribu wenyewe nyumbani." Kisha akamtazama Ngumi, ambaye nyusi zake zilikuwa zimepauka kwa unga. "Baba, unafanya kazi gani?"

Alipojibu, daktari akasema, "Basi ukitoka kazini oga kwanza, ubadili nguo zote. Ndipo umshike."

Ndivyo Ngumi alivyogeuka mgeni nyumbani kwake. Kila mchana aliingia kwa mlango wa uani, akazitumbukiza nguo kwenye ndoo, akajisugua hadi nyuma ya masikio. Lakini Kibonge alishaijua sauti ya ule mlango. Alitambaa hadi kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja kubebwa. Baba yake alimpita kwa mbali, ubavu ukiambaa ukuta, kama mwizi.

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Kilio kilimfuata mpaka bafuni. Mara nyingi alipotoka huko, maji yakimchuruzika, mtoto alikuwa ameshasinzia kifuani kwa mama yake, na Ngumi alibaki kumtazama vidole vya miguu.

Ikafika siku mlango ukalia, Kibonge akageuza shingo, akamwona, kisha akarudi kwenye mfuniko wa sufuria aliokuwa akiuchezea. Hakunyoosha mikono.

"Ameacha kunitaka," Ngumi alimwambia mkewe wakati wakila.

"Hajaacha kukutaka, Baba Kibonge. Amechoka kungoja tu."

Mkewe alikusudia kumpoza. Lakini maneno yale yalimkatia hamu ya chakula. Aliposukuma sahani alisema, "Nitamwokea mkate wake. Usio na ngano, usio na yai."

Mama mkwe, aliyekuja kusaidia uzazi na hakuonyesha dalili ya kuondoka, aliguna. "Mkate bila ngano? Si huo ni uji uliokosa adabu, mwanangu?"

Kuoka kazini kulikuwa hakuwezekani. Kule unga wa ngano ulitua hata kwenye kope za watu. Alinunua sufuria mpya na chujio jipya, akavificha chumbani visiguswe na kitu kingine. Siku yake ya mapumziko akawasha mkaa uani, akaweka sufuria ya unga wa mchele juu ya jiko, akapanga makaa mengine juu ya mfuniko. Mkate ulitoka mgumu kama tofali. Mama mkwe akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Wa pili ulimeguka kama mchanga. Ngumi alikuwa amezoea ngano, inayovutika na kurudi, inayokujibu ukiibonyeza. Unga wa mchele haukumjibu. Kuukanda kulikuwa kama kumshika mkono mtu asiyekufahamu.

Wa tatu ulilainika. Lakini Kibonge alipoumung'unya, vipele vikamtoka kuzunguka mdomo, wakamkimbiza tena kwa daktari. Safari hii vilinywea vyenyewe.

"Mchele mliusaga wapi?" daktari aliuliza.

Walitazamana. Waliusaga kwenye mashine ya mtaani, ambayo watu walisagia ngano pia. Tangu siku hiyo mkewe aliosha mchele, akauanika juu ya shuka safi, akausaga nyumbani kwa blenda iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu.

Aliyefungua fundo alikuwa mama mkwe. Alimtazama Ngumi akihangaika na beseni mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Acha kuupiga. Nilisema ni uji, hukusikia? Basi uanzie kwenye uji."

Alichota sehemu ya unga, akausonga motoni kwa maji ukawa mzito wa kunata. Ulipopoa, Ngumi akauchanganya na unga uliobaki, ndizi mbivu zilizopondwa, hamira na mafuta kidogo. Chumvi wala sukari hawakutia. Hakukanda. Alikoroga kwa mwiko, akamimina, akafunika, akakaa kando na mikono yake mapajani, haina kazi.

Mkate uliumuka kidogo, ukashikamana. Aliukata vipande vya urefu wa kidole, akaketi mkekani na Kibonge mapajani, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na unga wa ngano mwilini. Mtoto alishika kipande, akakiminya, akakitafuna kwa fizi huku mate yakimtiririka. Walimkodolea macho wote watatu. Ngozi ilibaki safi. Alipomaliza, akamvuta baba yake kidole kutaka kingine.

"Mbona umenyamaza?" mkewe aliuliza.

"Nimefurahi."

Ilikuwa kweli. Ila alikuwa ameunusa ule mkate, akapata harufu ya ndizi na ya mchele. Harufu ya nguo za baba yake, ile aliyolala nayo utotoni, aliyotaka binti yake aijue kabla hajajua kusema, haikuwemo.

Alioka hivyo kila siku ya mapumziko. Kibonge akasimama, akatembea, akaanza maneno. Alipotimiza miaka miwili, daktari alimjaribisha yai palepale kliniki, chini ya uangalizi, na halikumdhuru. Ngano akapimwa tena.

"Bado," daktari alisema. "Tutaona mwakani."

Wakirudi nyumbani walipita mbele ya duka la kiwanda cha mikate alikofanya kazi Ngumi, mikate imepangwa nyuma ya kioo, mingine ingali na mvuke. Kibonge, aliyekaa mabegani kwa baba yake, alitaka kushushwa. Akabandika kiganja kwenye kioo.

"Mkate," alisema. "Wa baba?"

"Ndiyo. Wa baba."

"Wangu?"

Ngumi alichuchumaa, akatoa mfukoni kipande kilichofungwa kwa karatasi. "Wako huu hapa, mama."

Mtoto alikipokea, akauma, akaendelea kutazama kioo huku akitafuna. Pumzi yake iliweka ukungu mdogo pale, akaufuta kwa kiganja ili aone vizuri. Mkewe aligusa bega la Ngumi kumwonyesha kwamba jua limekuwa kali. Ngumi alitikisa kichwa, akabaki amechuchumaa kando ya binti yake, akamwacha atazame mpaka atosheke.