Njia ya Kushukia Ziwani

Mume wangu alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa. Mimi nilizaliwa upande wa Hanga, kwenye mahindi na tumbaku, ambako maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya mto wa kuvuka kwa miguu. Tulikutana Songea mjini, tukaoana, tukajenga mtaa wa Bombambili. Yeye alikuwa fundi wa magari, mimi nashona sare za shule mpaka leo. Kwa miaka yote hiyo nilikwenda kwao kwa misiba na harusi tu. Nilikaa na wanawake jikoni, nikala samaki wao, nikarudi zangu Songea. Nilikuwa nimemwambia tangu uchumba kwamba mimi na maji hatuna mazoea, naye hakunilazimisha hata siku moja.

Kiharusi kilimpata asubuhi akiwa chini ya gari la mteja. Wenzake gereji walimvuta, wakampakia kwenye bajaji, wakamwahisha hospitali. Alipotoka huko, mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea, na maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayezungumza huku anatafuna. Dada wa mazoezi pale hospitali alinifundisha kumkunja na kumnyoosha, nami nilifanya hivyo kila siku kabla sijakaa kwenye cherehani. Mume wangu hakunibishia. Lakini niliona kwamba anafanya kwa ajili yangu tu, ili nisichoke moyo. Mtu aliyekuwa akisikika mpaka barabarani kwa kicheko alikuwa sasa anakaa barazani kutwa nzima akiangalia ukuta wa jirani.

Siku moja nilikuwa nakata kitambaa, nikamsikia anasema, "Nataka kuvua."

Jua lilikuwa kali. Niliweka mkasi chini, nikamwendea, nikaanza kumfungua vifungo vya shati. Alinitazama usoni, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea, akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Samaki," alisema. "Kuvua samaki."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Nilisimama pale na kifungo mkononi, nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo. Dada wa mazoezi nilipomweleza alisema, "Mama, mpeleke. Chochote anachokitaka mwenyewe ni dawa kuliko hivi ninavyomlazimisha mimi."

Tulipanda basi la kwenda Mbamba Bay kupitia Mbinga. Siku hizi ni lami tupu, si kama zamani tulipokuwa tukifika na vumbi mpaka kwenye kope. Lile bonde la mwisho lilipofunguka na ziwa likaonekana chini, mume wangu alisogeza uso kwenye kioo na hakuugeuza tena mpaka tuliposhuka. Wifi yangu, mdogo wake wa kike, alitupokea stendi. Yeye ni mjane, huanika dagaa na kuwauza, na nyumba yake iko kijijini mbele kidogo ya mji, mwendo mfupi tu kutoka majini.

Asubuhi yake tulitaka kumshusha kaka yake aone ufukwe. Wifi alisita, akanivuta pembeni.

"Wifi, sikukwambia kwenye simu. Njia imefungwa."

Njia yenyewe niliikumbuka. Ilikuwa mteremko mpana wa mchanga katikati ya mashamba mawili ya mihogo, ndipo wavuvi walipopandishia na kushushia mitumbwi yao tangu enzi za babu zao. Mwenye shamba moja alifariki, watoto wake wakaliuza. Aliyenunua alizungushia waya na kuweka geti, na njia ikawa ndani ya waya. Ufukwe wenyewe ulibaki wazi kwa watu wote, ila aliyetaka kuufikia alipaswa kuzunguka kwenye majabali upande wa pili, akirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Wanawake walipita huko na ndoo za dagaa kichwani. Mtu anayetembelea fimbo kama mume wangu asingeweza kupita.

Tulikwenda getini. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na aliposikia ninavyoongea akaniuliza nimetokea wapi. Kumbe naye ni wa Hanga, kaka yangu kabisa kwa ardhi. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akaingia kibandani akatoa kiti chake cha pekee ili mgonjwa akae.

"Dada yangu," alisema, "ningekuwa na uwezo ningefungua sasa hivi. Lakini nikifungua leo kwa ajili ya mzee, kesho watakuja wote, na mimi nitarudi nyumbani bila kazi."

Sikumkasirikia. Nilimwona jinsi alivyokuwa akiukwepa uso wa mume wangu. Tulikaa pale kama nusu saa, mume wangu kwenye kiti akitazama maji kupitia nafasi za waya, kisha tukarudi.

Wifi hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mama wa makamo, na mwenyekiti akampigia simu mwenye kiwanja. Huyo bwana aliishi mbali kidogo, akaahidi kuja Jumamosi. Alikuja kweli, asubuhi, na gari safi na viatu vya kung'aa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ila alisalimia watu wote vizuri, akampa mume wangu pole.

"Sijafunga ufukwe wa mtu," alisema. "Ufukwe ni wa wote, najua. Nimezungushia nilichonunua."

"Ni kweli, baba," wifi alimjibu. "Ufukwe uko wazi. Kazi ni kuufikia. Tafadhali twende nikuoneshe tunakopita. Nipokee na hii ndoo moja."

Akampa ndoo ya dagaa wabichi. Yule bwana aliitazama ndoo, akamtazama mwenyekiti, na sijui ni aibu au ni malezi mema, aliichukua. Wakaanza kuvuka majabali, wifi mbele, yeye nyuma. Sisi tulibaki huku tumesimama. Yule bwana alifika kama nusu ya njia. Jiwe lenye utelezi wa mwani lilimtupa, akaingia ziwani mpaka kiunoni, na dagaa wote wakarudi walikotoka.

Hakuna aliyecheka. Wifi alimpa mkono akamvuta. Alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akamwaga maji yaliyomo, akavua na cha pili. Halafu alinyoosha kidole kutuonyesha sisi.

"Na yule mzee anapita hapa?"

"Hapiti," wifi alisema. "Ndiyo maana tumekuita."

Aliporudi, soksi mkononi, alimwambia mwenyekiti kwamba waliomuuzia hawakumweleza kuwa pana njia. Mwenyekiti akamwambia, "Ungekuja kwangu kabla hujaweka nguzo, ningekuonesha." Akasema, "Ni kosa langu, sikuja." Sikutegemea kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu aliyelowa vile. Nadhani wengi wetu tungekasirika zaidi.

Nguzo zilianza kung'olewa siku hiyohiyo. Mlinzi ndiye aliyeshika sururu wa kwanza, na alichimba kwa furaha kama anayechimba viazi vyake. Kukawa na ubishi kuhusu upana. Mmoja alitaka hatua kadhaa, mwingine zaidi. Mwishowe wavuvi walileta mtumbwi, wakaubeba, watu kila upande, wakapita nao, na waya ukasogezwa mpaka hakuna kiwiko kilichougusa. Mwenye kiwanja alisimama peku akiangalia, akasema, "Haya, basi iwe hivyo."

Nilidhani shida imekwisha, lakini kumtia mume wangu majini ilikuwa shughuli nyingine. Mitumbwi ya kule ni ya gogo moja na mdomo wake ni mwembamba, mtu mwenye mguu uliolegea hawezi kujipenyeza. Jirani wa wifi, mvuvi mzee, alitoa mashua yake ndogo ya mbao. Walijaribu kumpandisha ikiwa inaelea. Wimbi dogo tu lilikuja, mashua ikasogea, naye akaning'inia kati ya mikono ya watu, mguu mmoja hewani. Mara ya pili ikawa hivyohivyo.

"Basi," mume wangu alisema. "Nirudisheni."

Mvuvi mzee alimshika bega. "Hapana, mwenzangu. Tumekosea sisi. Mashua haipakiwi majini, inapakiwa nchi kavu. Tukuweke juu, tushushe vyote pamoja."

Wakaivuta mashua mpaka mchanga mkavu, mwanzo kabisa wa ile njia mpya. Wakaweka gunia lililojazwa nyasi mahali pa kukaa, wakamkalisha polepole bila haraka ya mtu yeyote. Chini wakapanga magogo ya kuviringika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wake wa dawa, nikingoja kuwapungia mkono. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ingia."

Niliogopa, ila niliingia. Mvuvi mzee alihesabu, wanaume na wanawake wakasukuma, magogo yakalia chini yetu, na tukashuka ule mteremko wote tukiwa tumekaa kama maharusi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, kelele za mchanga zilikuwa zimekoma na mvuvi alikuwa ameshika kasia.

Hatukwenda mbali. Mume wangu aligeuka kuutazama ufukwe na akaanza kunionyesha: mahali palipokuwa na nyumba ya mama yake, jabali walilokuwa wakirukia utotoni, mahali alipoangusha nyavu za baba yake akala fimbo. Maneno yalikuwa yaleyale mazito, lakini hayakuwa na haraka tena. Nilimwekea chambo kwenye ndoana, akashika mshipi kwa mkono wa kulia. Samaki alipouma, mkono mmoja haukutosha kuvuta, basi yeye alishikilia na mimi nikavuta, mvuvi akituelekeza. Tulipata gege mmoja, samaki wa jamii ya perege, wa ukubwa wa kiganja. Baada ya hapo hatukupata kitu, na hakuna aliyejali.

Hajapona. Mkono wa kushoto uko vilevile, na mguu umeongezeka nguvu kidogo tu. Lakini mazoezi sasa anayafanya mwenyewe, maana anataka awe tayari safari nyingine ikifika. Tumekwenda mara tatu tangu wakati ule, kila sare zinapopungua. Mwenyekiti aliiingiza njia kwenye kumbukumbu za kijiji, na mpima ardhi akaja akaweka alama, ili anayenunua kesho aione. Mwenye kiwanja amejenga vyumba vya wageni. Aliwahi kulalamika kuhusu magamba na uchafu wa samaki, na wanawake wakakubali ana haki, wakapanga zamu ya kufagia.

Watu walionifanyia wema siku zile ni wengi kuliko nilivyostahili, na nikiwa kwenye cherehani huwa nawaombea mmojammoja. Mvuvi mzee nilimshonea shati, na kwa wifi nilipeleka kitenge.

Mlinzi aliacha kazi msimu wa kulima ulipoanza, akarudi kwao. Juzi alikuja Songea kwa mahitaji yake, akachukua bodaboda mpaka kwetu, akiwa na mahindi mabichi kwenye kiroba. Alisema ni ya mzee. Walikaa barazani wakizungumza habari za mvua na mbolea, mume wangu akitafuta kila neno, mgeni akimsubiri bila kumkatiza. Nilibandika sufuria jikoni, nikachemsha mahindi.