Michirizi ya Bluu

Mtaani walimwita Fundi Viraka, na jina lenyewe lilianza kwa kejeli. Kuna mteja mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alifika kuchukua gauni lake akamkuta fundi ameketi katikati ya lundo la vipande vya nguo kuukuu. Akauliza kama ushonaji umemshinda na sasa amegeukia kuokota takataka. Waliokuwepo wakacheka, fundi naye akacheka nao, na jina likaganda. Baadaye mwanamke yule yule alirudi kuomba ashonewe mfarishi wa viraka kwa ajili ya binti yake. Fundi akamjibu kwa adabu zote kwamba takataka zimekwisha.

Hata hivyo asingemuuzia. Riziki ya Fundi ilitoka kwenye sare za shule, magauni ya harusi na suruali za wanaume walionenepa wakaona haya kununua mpya. Mifarishi ilikuwa zawadi za sikukuu, za ndugu tu. Msimu ulipokaribia na wateja wakawa wanampigia simu kama wanaomdai, yeye bado alitenga asubuhi zake, kabla ya kufungua mlango wa mbele wa kibanda alichoishi na kushonea, akavuta kiti dirishani na kuvaa kastabini kidoleni. Alikata nguo za ukoo: shati la baba lililokwisha kola, sare ya shule ya mdogo wake, pazia la nyumba waliyokulia. Vipande hivyo aliviunga kwa cherehani, akaweka blanketi kuukuu katikati na bitana chini. Kisha akachora mistari ya kukatana kwa chaki ya fundi, ile ya bluu, na kuifuata mistari hiyo kwa sindano ya mkono, polepole, mpaka tabaka zote tatu zishikane.

Chaki ile hakuifuta. Hilo alifundishwa na marehemu mama yake, ambaye naye alikuwa fundi. Ukiipiga pasi inaingia kwenye uzi na hutaiona ikitoka tena, ukiipangusa inatapakaa. Dawa yake ni maji. Na hata maji yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Mama alishikilia kwamba mara ya kwanza mfarishi unafuliwa na yule aliyepewa, kwa mikono yake. Hapo uzi hukaza, kitambaa hukunjamana kidogo, na kitu kinakuwa chake. Kabla ya hapo, kwa mama, ulikuwa ni mzigo tu uliofungwa vizuri. Kwa hiyo kila zawadi iliondoka kibandani kwa Fundi ikiwa na michirizi ya bluu, na kila aliyepokea aliambiwa maneno yale yale: ufue kwanza, ndipo ulale.

Aliyepokea mingi kuliko wote alikuwa mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba. Mama alipofariki Kitinda alikuwa bado msichana wa shule, na Fundi ndiye aliyebaki kumsuka nywele, kumshonea sare na kumkemea. Alisimama mahali pa mama hadi siku ya kuolewa kwake. Alimdekeza, tusifichane. Watu walipomwambia anamlea kama yai, aliwajibu kwamba yai ni lake na likivunjika atalipangusa mwenyewe.

Kitinda akaolewa na mtu mwenye nafasi yake. Akahamia nyumba ya vigae vinavyoteleza na viti vyeupe ambavyo mgeni huketi ukingoni kwa woga. Ila hakumsahau dada yake, au ndivyo dada alivyoamini. Kila sikukuu alipokea mfarishi wake kwa machozi, na haikupita wiki kabla hajatuma picha kwa simu, iliyopigwa kwa mbali: mfarishi umetandikwa kitandani, pembe zimenyooshwa, na chini yake maneno kwamba bila huu hapati usingizi. Fundi alizionyesha picha hizo kwa kila aliyeingia kupimwa. Mteja amesimama mikono juu, futi imemzunguka kifua, hawezi kukimbia, basi anaonyeshwa picha. Wengine walikwisha kuzikariri.

Mwaka ninaousimulia, Kitinda alikuja kibandani mwenyewe, mapema, na hakuketi. Alitazama nyuma ya mlango, mahali palipotundikwa gauni la mama. Lilikuwa gauni la kijani lenye maua madogo meupe na mfuko mmoja ubavuni, limefunikwa nailoni lisiingie vumbi. Nguo nyingine za mama zote zilikwisha kukatwa na kuingia kwenye mifarishi ya ndugu wengine. Hili Fundi hakuligusa kwa mkasi. Kazi ilipomlemea, au mteja alipomtukana kwa kosa lisilo lake, aliinua nailoni, akatia mkono kwenye ule mfuko, akausahau humo kidogo, halafu akarudi kwenye cherehani.

"Dada, mwaka huu nishonee kwa gauni la mama," Kitinda alisema.

Fundi akamjibu kwamba aombe chochote kingine, hilo halikatwi.

"Wewe una mama hapo mlangoni kila siku. Mimi nina nini?"

Neno hilo lilimchoma Fundi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Kwa siku kadhaa hakuwa na raha. Alijiona mchoyo, mtu aliyemkumbatia marehemu peke yake na kumwacha mtoto nje ya mlango. Asubuhi alishika mkasi, akauweka, akajipa kazi ya kutia vifungo kwenye mashati yasiyo na haraka. Mwishowe akapiga moyo konde. Alilitandaza gauni juu ya meza, akaomba radhi kwa sauti ingawa chumbani hamkuwa na mtu, akakata. Kitambaa kilikuwa kimelainika kwa miaka na kilikubali mkasi bila ubishi, na hilo ndilo lililomliza.

Mfuko hakuufumua. Aliukata pamoja na kitambaa kilichoushika, akaushona ukiwa mzima katikati ya mfarishi, usawa wa kifua, ili Kitinda akilala aweze kutia mkono wake mle. Hakumwambia. Alitaka augundue mwenyewe usiku mmoja, mwaka ukiwa umetulia. Alipokwisha kukunja zawadi ile na kuifunga kwa utepe wa kitambaa, alibaki anautazama msumari mtupu nyuma ya mlango, na nailoni imening'inia bila kitu ndani. Akajifariji kwamba mama hajaondoka, amehamia tu kwa mdogo wake.

Siku ya sikukuu alifika kwa Kitinda na mfuko wake mkubwa mkononi. Nyumba ilikuwa imejaa upande wa shemeji, na kwenye kiti cheupe kikubwa kuliko vyote alikuwa ameketi mama mkwe, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kumaliza alichokuwa anasema. Kitinda alivaa gauni jeusi la kubana, jipya. Halikushonwa na dada yake. Fundi alilitazama pindo lake, akaona limeshonwa ovyo.

Mama mkwe alimkaribisha kwa kelele za furaha. Akasema habari zake wamezisikia sana, huyu ndiye dada wa mifarishi, ambaye mkwe wake hapumziki kumsifu. Na Kitinda, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama, hakungoja zawadi mpya itolewe mfukoni. Alikimbilia chumbani akarudi amejifunika mabegani, kwa haraka viraka vikiwa upande wa ndani, mfarishi wa mwaka uliopita, ule wa mashati ya baba.

"Huu hapa," alisema. "Nalala nao kila siku ya Mungu. Mwaka mzima haujatoka kitandani."

Wakampigia makofi. Akazunguka nao mara moja, madaha tele, akausugua shavuni, kisha akauvua na kumkabidhi mama mkwe aushike. Akageuka kumwongezea mgeni mmoja kinywaji, na hapo mgongo wake ukaonekana na kila mtu.

Juu ya lile gauni jeusi, kuanzia mabegani hadi kiunoni, palikuwa na michirizi ya bluu inayokatana, imejipanga miraba miraba.

"Mkwe wangu, umeegemea ubao wa mwalimu?" mama mkwe aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mumewe akampangusa kwa kiganja, chaki ikatapakaa zaidi. Mmoja akalaumu ukuta, mwingine rangi ya mlango. Kitinda naye akacheka mpaka machozi, akijipindapinda kuutafuta mgongo wake. Hakujua kinachochekwa. Miaka yote hiyo aliambiwa habari ya chaki na hakuwahi kusikiliza.

Fundi peke yake hakucheka. Mistari ile aliijua, ilikuwa ya mkono wake. Mfarishi uliolaliwa mwaka mzima, hata mvivu wa kufua asipoutia majini, chaki yake huishia kwenye miili na mashuka. Huu ulikuwa nayo yote. Akautazama ulivyolala magotini mwa mama mkwe, akaona na mikunjo yake, ile ile aliyoikunja yeye, bado imesimama. Akaomba kuurudisha chumbani, akasema usije ukamwagikiwa na soda, na Kitinda akamfuata.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa foronya nyeupe na shuka la dukani lisilo na mkunjo hata mmoja. Mlango wa kabati ulikuwa wazi, na kwenye rafu ya chini kabisa, kati ya masanduku ya safari na feni iliyoharibika, palikuwa na mifarishi mingine yote. Baadhi ilikuwa imefungwa tena kwa tepe zile zile za Fundi.

"Umewahi kulala na hata mmoja?" aliuliza.

Kitinda kwanza alisukuma mlango wa chumba ufungike, ili upande wa mumewe wasisikie, na Fundi aliona kwamba hilo ndilo lililomtia mdogo wake hofu.

"Dada, hii ni nyumba ya watu. Nikitandika viraka hapa wataniona nimetoka wapi? Niliogopa kukuumiza."

"Na picha?"

"Nilitandika, nikapiga, nikakunja."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na kama lingeishia hapo pengine Fundi angemsamehe palepale. Aliwahi kumsamehe makubwa zaidi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hakutaka kuliuliza, akaliuliza.

"Gauni la mama ulilitakia nini?"

Kitinda akaangalia sakafu. Akaeleza kwamba mama mkwe aliposikia upo mfarishi uliotokana na nguo ya marehemu aliguswa sana, akasema sikukuu lazima auone. Naye kwa hamu ya kumpendeza alikuwa amekwisha kusema upo, wakati haupo. Yale maneno ya kwamba yeye hana mama yalimjia tu pale kibandani, alipoona dada anakataa.

Sebuleni mama mkwe akapaza sauti akiuliza uko wapi huo mfarishi mpya, watu wanausubiri.

Fundi alitoka. Aliuchukua mfuko wake pale alipouacha, akamwinamia mama mkwe kwa heshima, maana mama yule hakuwa na kosa lolote. Akamwambia amwie radhi, mwaka huu amekosea kipimo, anarudi nao nyumbani. Akawatakia wote sikukuu njema. Kitinda alimkimbilia hadi getini, chaki bado mgongoni.

"Dada, usiondoke nao. Alikuwa mama yangu pia."

"Alikuwa mama yako," Fundi alisema. "Na gauni lake ungelikuta zima siku yoyote ambayo ungekuja."

Njia nzima hakulia. Alikuwa na hasira iliyokausha kila kitu. Amechezewa shere miaka yote, akawa anatembeza picha mtaani kama mjinga, na hilo lilimuuma, lakini halikuwa lenyewe. Lenyewe lilikuwa mkasi. Mtu aliyemlea kwa mikono yake alimfanya aikate nguo ya mwisho ya mama yao ili wageni wapate cha kusifia mchana mmoja, halafu iende ikakae na feni mbovu. Mifarishi mingine ni vitambaa, inashonwa tena. Gauni halishoniki tena. Alijua hata angeufumua mfarishi wote uzi kwa uzi, angepata vipande, basi.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mama angelikataza. Alijaza beseni maji, akautia mfarishi na kuufua mwenyewe, yeye aliyeushona. Maji yakageuka bluu hafifu. Akayamwaga, akajaza mengine, mpaka yakabaki meupe. Akauanika uani, na jua lilipoumaliza ulikuwa umekunjamana sawasawa, vile inavyotakiwa.

Ujumbe wa Kitinda uliingia anauanua. Ulikuwa mrefu, umejaa samahani, na pengine zilikuwa za kweli. Mwishoni aliongeza kwamba mama mkwe bado anauliza, kama hatapewa mfarishi basi atumiwe hata picha yake.

Fundi akautandika kitandani kwake, akanyoosha pembe kama alivyozoea kuonyeshwa, akapiga picha, akaituma bila neno. Kisha hakuukunja. Alivua viatu, akajifunika mchana kweupe, wateja wakibisha mlango wa mbele, akautafuta mfuko kwa mkono.