Nyumba ya Kuta Fupi

Husemwa siku hizi kwamba zamani watu waliishi kwa mapenzi, na kwamba mpangaji alikuwa ndugu wa mpangaji mwenziwe. Sijui. Sikuishi katika nyumba zote. Niliishi katika nyumba moja ya kupanga, kwenye kitongoji kilichokuwa kando ya barabara ya Bagamoyo, kaskazini mwa Dar es Salaam, katika miaka ya mwanzo ya hamsini, na ninaweza kuieleza hiyo tu.

Nilikuwa karani mjini. Vyumba vya mjini vilikuwa haba, na vilivyopatikana vilikuwa na joto la kupikia mkate. Kwa hiyo wengi wetu tulipanga huko nje, penye upepo wa bahari, tukaenda kazini alfajiri na kurudi jioni. Gari letu lilikuwa lori la chokaa. Karibu na kitongoji palikuwa na matanuri ambamo mawe ya matumbawe yalichomwa, na kila alfajiri lori lilipakia magunia ya kupeleka mjini; juu ya magunia tulipakiwa sisi. Tulikuwa makarani, matarishi, maseremala na wapishi wa Wazungu, na tuliposhuka mjini hapakuwa na njia ya kumtofautisha karani na seremala, maana sote tulikuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu. Dereva alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuuchoka.

"Haya, shukeni, Wazungu wangu!"

Nasi tulicheka, kila siku, kana kwamba tumeusikia kwa mara ya kwanza. Mimi si mtu wa kucheka ovyo, lakini pale nilicheka.

Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, yenye vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ukumbi katikati uliotokeza uani. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa; alikaa chumba cha mbele, mkabala na changu. Kuta za nje zilifika juu. Za ndani ziliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na baada ya hapo palikuwa na hewa tupu, maboriti na makuti. Bi Mkubwa alieleza kwamba zilijengwa hivyo ili upepo upite. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba udongo ulikwisha.

Chokaa haikubaki kwenye lori. Ilirudi nasi katika nguo na nywele, ikaingia vyumbani, na nyumba nzima ikawa ya watu wa kupiga chafya. Hapo ndipo ilipozuka desturi ambayo sikuikuta kwingine. Mtu alipopiga chafya chumbani mwake akasema "Alhamdulillahi", vyumba vyote vilimjibu kwa pamoja juu ya kuta, "Yarhamukallah!", naye akawarudishia dua yao. Katika chumba cha nyuma alipanga fundi cherehani, mtu wa bara, Mkristo, yeye alisema "Afya!" kwa sauti nene iliyotikisa makuti, na alipopiga chafya yeye, sisi nasi tulimwambia, "Afya, fundi!" Hakuna aliyeamuru jambo hili. Nimewaona kwa macho yangu wapangaji wawili, waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ndoo ya maji, wakiombeana rehema juu ya ukuta asubuhi, kisha wakaendelea kutosemezana.

Kwangu mimi, hata hivyo, kuta hizo zilikuwa karibu kuninyima mke.

Nilikuwa nimefunga nikahi kwetu Bagamoyo, lakini mke wangu alikuwa angali kwa mama yake hadi nipate mahali pa kumweka. Mama mkwe alikuwa mjane wa mji wa kale, aliyezaliwa katika nyumba ya mawe, na hapakuwa na wa kuamua juu ya safari ya bintiye ila yeye. Nilipokwenda kumwarifu kwamba chumba kimepatikana, nilimkuta ameshaarifiwa na mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yule mchuuzi wa samaki wa Mlingotini ameniambia kwamba nyumba yako haina kuta. Mtu akijigeuza kitandani upande huu, wa upande ule huuliza kulikoni."

"Alilala humo, mama?"

"Hakulala."

"Aliingia?"

"Alipita barabarani."

"Basi aliona paa."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko, nikajua ni nani. Mama mkwe hakucheka.

"Nawe unasemaje? Kuta zipo au hazipo?"

Nimeishi nikiwakaripia watu kwa kusema wasiyoyajua. Singeweza kukana nililolijua.

"Zipo, mama. Hazifiki juu."

"Mwanangu hatakwenda kulala sokoni," alisema.

"Mama, usimsadiki mchuuzi, wala usinisadiki mimi. Njoo uone."

Nilidhani hatakuja. Alikuja wiki iliyofuata kwa basi, na mkeka wake, na birika lake la maji. Kwetu mama mkwe halali katika chumba cha mkwewe, kwa hiyo Bi Mkubwa alimpokea chumbani mwake. Jioni ile aliketi uani wima kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi. Alitazama choo, kisima, majiko, na kamba ya nguo. Baadaye Bi Mkubwa alimwandalia chumbani wali na samaki wa nazi.

"Ahsante, nimeshiba," alisema mama mkwe. Katika mji wetu maana yake ni kwamba mtu bado anaangalia.

"Umeshiba nini, mwenzangu? Vumbi la basi?"

"Nasikia humu hamna siri."

"Hamna! Mtu akitaka kugombana na mkewe huenda pwani. Ndiyo maana wa humu hawagombani, pwani ni mbali."

Maneno haya sikusimuliwa. Niliyasikia mwenyewe nikiwa kitandani, na msomaji anajua kwa nini.

Niliamka kabla ya adhana nikiwa na wasiwasi. Koti langu la kazi lilikuwa limejaa chokaa ya jana, na kwa kuwa sikutaka mama mkwe anione nikienda mjini kama mtu aliyetoka kaburini, nililikung'uta vizuri. Desturi ya nyumba ilikuwa kukung'uta nguo uani. Mimi, kwa wasiwasi wangu, nililikung'utia ukumbini, mbele ya mlango wa Bi Mkubwa. Vumbi lilipanda, likavuka ukuta, likashuka upande wa pili.

Ilitoka chafya moja kubwa, ya mtu asiyetarajia. Kisha, kwa sauti ndogo ya heshima, "Alhamdulillahi."

Nyumba nzima ilimjibu. Chumba baada ya chumba, wanaume waliokuwa wakivaa viatu, wanawake waliokuwa wakiwasha majiko, wote walimwombea rehema, kana kwamba alikuwa amelala humo miaka yote. Baada yao ilifuata sauti nene kutoka nyuma.

"Afya, mama mkwe!"

"Mkwe wa nani, wewe?" aliuliza mama mkwe kwa ukali.

"Wa nyumba nzima, mama!"

Kicheko kilipita juu ya kuta kama upepo ule alioutaja Bi Mkubwa. Mimi nilisimama na koti mkononi, sikucheka. Nilikuwa nikingoja. Mtu aliyeombewa rehema hulazimika kuwaombea waliomwombea, na mama mkwe alikuwa mtu wa dini kabla ya kuwa mtu wa mji.

"Yahdikumullah," alisema hatimaye. Mungu awaongoze, ninyi nyote. Kisha akaita, "Baba!"

"Labeka, mama."

"Lile koti umelikung'utia wapi?"

"Ukumbini, mama."

"Kwenu Bagamoyo makoti hukung'utwa ukumbini?"

"Hapana, mama."

"Kuta zako ni fupi kweli."

"Ni fupi, mama."

"Mwanangu akiugua mchana, na wewe uko mjini, nani atamsikia?"

Bi Mkubwa, aliyekuwa kando yake, alijibu kabla yangu.

"Mwenzangu, nani hatamsikia?"

Hapo lori lilipiga honi, nikalazimika kuondoka bila kujua hukumu. Siku hiyo niliandika kazini barua mbili kwa jina la mtu asiyehusika nazo, nikazichana zote mbili.

Jioni nilikuta mama mkwe amesharudi Bagamoyo.

"Alisema nini?" nilimwuliza Bi Mkubwa.

"Hakusema kitu. Alikunywa chai."

"Ya birika lake?"

"Ya birika langu. Na vitumbua akala."

Fundi cherehani alitoka chumbani mwake na futi shingoni. "Karani, mambo yamekwisha! Amekula!"

Nilimwambia kwamba kitumbua si ushahidi, na kwamba sitafurahi mpaka nione. Alisema mimi ni mtu mgumu. Hakukosea.

Nilimwona mke wangu Ijumaa, nilipotoka kazini, akishuka kwenye basi la Bagamoyo kwa buibui jipya, na nyuma yake mkeka, sanduku, mbuzi ya kukunia nazi, na vyombo vya shaba vya mama yake ambavyo sikutarajia kuviona nje ya nyumba ya mawe. Sote wa nyumba tulitoka kupokea mizigo; wale wawili wa ndoo ya maji walibeba sanduku pamoja, huku na huku, bila kusemezana.

Chumbani alifungua furushi dogo, akatoa burashi ya nyuzi za makumbi ya nazi, iliyofungwa upya, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama amesema koti likung'utwe nje," alisema.

Halafu akainua macho kuutazama ukuta mahali unapoishia, na hewa iliyokuwa juu yake, na vumbi jembamba lililokuwa likishuka humo katika mwanga wa jioni. Alifunika pua kwa upindo wa buibui. Alikuwa amekawia; chafya ilikuwa imeshatoka.