Mizigo Kitandani kwa Bibi

Mwaka 1996, wakati wa kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka tisa na sijaanza shule. Juzi, nilipowaona watalii wakifunika mabegi ndani ya gari la kukodi karibu na Ziwa Singidani, alasiri ile ilinirudia.

Wazungu wawili na dereva wao waliegesha gari uani kwetu, wakashuka ziwani kutazama ndege. Mlango wa nyuma haukuwa umefungwa vizuri. "Mgeni hupokelewa mzigo," bibi aliniambia, nasi tukaiingiza mizigo yao yote chumbani kwake, penye harufu ya alizeti. Nilidhani watalala kwetu.

Waliporudi, dereva alipiga kelele: "Tumeibiwa! Bibi, leo utalala polisi!"

"Iko kitandani kwangu, baba. Kwenu mgeni huachiwa mzigo juani?"

Mama wa Kizungu alilia. Niliamini nimelichafua begi lake. Leo naijua hofu ya aliye mbali na kwao. Dereva hakuridhika, akamshtaki bibi kijijini. Sikulala vizuri, nikiogopa atafungwa.

Jumatatu iliyofuata, mwenyekiti wa kijiji alitamka mbele ya wote kwamba hapakuwa na wizi. Bibi alimgeukia dereva, akamwuliza kama wageni wale walifika salama.