Mahindi ya Mbegu Juu ya Jiko la Mkaa

Mimi sipendi mtu kunikagulia nyumba. Lakini bwana afya wa halmashauri alipopita mtaani kwetu, hapa Tunduma, kuangalia vyoo, taka na panya, nilimkaribisha kwa mikono miwili. Choo changu kina mfuniko, taka ziko kwenye pipa. Nikajua atatazama na kuondoka zake.

Akaingia jikoni, akainua macho. Juu ya jiko la mkaa yalining'inia mahindi ya mama yangu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Ni mbegu. Kwao Ibaba, kule Ileje, kila jiko la kuni lina mahindi juu yake. Moshi unayapaka masizi, na mdudu hayagusi wala panya. Baba alipofariki nikamchukua mama aje kukaa nami, naye baada ya mavuno akaja na mbegu zake, akazitundika bila kuniuliza. Wala mimi sikukumbuka kwamba mkaa hauna moshi. Panya walikumbuka.

Bwana afya alimwamkia mama vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Dada, haya yashuke. Nikirudi wiki ijayo nikiyakuta, nyumba naifunga."

Nilikasirika, lakini ningebisha nini? Mpangaji wangu wa chumba cha mbele alikuwa ameshang'atwa kidole cha mguu akiwa usingizini.

Jioni nikamwambia mama tuyapukuchue, tuyatie kwenye ndoo yenye mfuniko. Akasema mbegu haipukuchuliwi mpaka siku ya kupanda.

"Kupanda wapi, mama?" nikamjibu kwa ukali. "Uani kote ni saruji."

"Si hapa. Nyumbani."

Alisema hivyo huku anachambua mboga, hata hakuniangalia. Kumbe siku zote zile mimi najisifia kwa majirani kwamba mama amehamia kwangu, mwenzangu yuko safarini tu. Iliniuma kuliko maneno ya kufungiwa nyumba.

Nikambembeleza. Nikamwambia mbegu ziende, yeye abaki. Akacheka kidogo. "Wifi yako kule nyumbani bado anapika kwa kuni," akasema, basi, akapanda juu ya kigoda kuyashusha mwenyewe. Kesho yake, stendi, kondakta alitaka kuuweka ule mzigo kwenye buti, mama akakataa, akaupakata.

Nikaziba matundu kwa saruji, nikatega dawa, nikapaka dari chokaa. Panya wakaisha kweli.

Bwana afya aliporudi alitazama juu, akaridhika. "Safi sana, dada. Sasa hapa mtu anakaa bila wasiwasi. Bibi yuko wapi, nimwamkie?"

"Ameenda kupanda," nikamwambia.

Ulikuwa mwezi wa nane, nje vumbi tupu, mvua za kupandia bado mbali. Bwana afya naye ni mtoto wa wakulima wa huko huko Ileje. Alinitazama, akaaga.