Dakta Triza, wa Wenzake

Nyumbani mke wangu nilikuwa nikimwita Wenzake. Jina lake ni Dakta Triza Nasike, mhadhiri wa biolojia ya seli, na utani huo niliutoa kwenye kazi yake mwenyewe. Mwaka wa 2010 yeye na Profesa Muoki walichapisha makala kuhusu jinsi sumu ya kuvu ya mahindi inavyoua seli za ini. Hadi sasa makala hiyo imetajwa mara mia nne na kumi na mbili, na watafiti wa nchi ambazo mimi, fundi wa mashine kiwandani, sitazifikia. Wote wanaandika vivyo hivyo: Muoki na wenzake. Huyo mwenzake ninaishi naye hapa mtaa wa Donholm, na bado anagombana na mfereji usio na maji.

Katika kazi yao, jina la kwanza ni la aliyetoka jasho, la mwisho ni la mkubwa wake. Seli zile alizihesabu Triza, miaka miwili jicho likiwa kwenye hadubini, mwishoni mimba ya mwanetu Ryan ikigusa meza. Profesa alikuwa akipita mlangoni kuuliza kama kuna chai. Lakini makala ilipokamilika, Triza alimwandika mzee kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Kwetu Bungoma, mkubwa akiwepo, huanzi kujitaja wewe. Profesa alisoma, akasema, "Vizuri, binti yangu," akatia sahihi. Mtu mzima yule alijua nafasi hiyo si yake. Nikimkumbuka, hasira hunipanda mpaka leo.

Bodi ya kupandisha watu vyeo inataka makala tano ambazo jina lako limetangulia. Triza alikuwa nazo nne. Alikuwa ameomba uhadhiri mwandamizi mara mbili, akakataliwa mara mbili. Mwaka huu aliniambia anaomba kwa mara ya mwisho, maana amechoka kujieleza mbele ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe.

Jumamosi moja mchana Nafiso Wehliye alitutembelea kutoka mtaa wa Fedha. Ni mwanafunzi wake wa uzamifu, mama wa watoto wawili, mpole. Alileta makala yake tayari kutumwa kwa jarida. Ikitumwa wiki hiyo, ingetoka kabla bodi haijakaa Desemba. Nilichungulia kompyuta nikimwekea chai. Jina la kwanza: Triza Nasike.

Ya tano hiyo! Moyoni nilikuwa nishamnunulia keki.

Triza alisoma kurasa zote. Kisha akauliza, "Nafiso, hizi seli ulizihesabu na nani?"

"Peke yangu, Dakta."

"Miezi mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na jina langu linafanya nini hapa mbele?"

"Dakta, siwezi kukutangulia. Wewe ni mwalimu wangu. Nyumbani wakisikia watasema sina adabu."

"Mama Ryan," nikaingilia, "si mtu akuheshimu tu mara moja? Hujaomba."

Alinitazama. Nilijua mtazamo huo, nikakaa chini.

"Hata mimi sikuombwa na Profesa, Javan," akasema.

Akavuta kompyuta, akaliondoa jina lake pale mbele, akaliweka mwisho kabisa. Nafiso alianza kulia, akauliza kama amemkosea. Triza akamwambia hapana, anywe chai kabla haijapoa, halafu aitume mbele yake.

Mgeni alipoondoka, Triza alitoa fomu ya bodi. Palipoulizwa makala alizotangulia, aliandika nne kwa kalamu, akakaza mkono. Nilimkasirikia waziwazi. Nilimwambia amejifungia mlango mwenyewe. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba amechoka, tafadhali nimpishe alale kidogo.

Barua ya bodi ilikuja Januari, mistari mitatu: ombi limekataliwa. Siku hiyo hiyo Nafiso alipiga simu akipiga vigelegele: makala ilikuwa na wiki tano tu, na mtu wa Brazili alikuwa ameshaitaja. Triza aliniita nisome kwenye skrini. Iliandikwa: Wehliye na wenzake.

"Kijana ametajwa," akasema, akafuta miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nilitaka kumwita Wenzake kama kawaida, nikaacha. Tangu siku hiyo namwita Triza.